Sentensi ya Tatu

Tartu, mwanzoni mwa Januari. Saa tisa na nusu alasiri
jua limeshafunga duka,
nami nimekwama kwenye kitenzi.

"Zana hii huandika faili."
Hiyo ni sentensi ya kwanza. Haina dhambi.
"Ipe njia, ipe maandishi, nayo itaandika."
Ya pili. Hata mtoto angeielewa.
Kwa miezi saba maelezo yaliishia hapo,
chini yake jina langu, Leelo Kukk,
na watu wakanisifu: huyu hana maneno mengi.

Nilikuwa nikimwandikia msomaji asiyenywa kahawa.
Hakuni kichwa. Hamgeukii mwenye meza ya jirani
kumnong'oneza, "Hapa alikusudia nini?"
Ukimwambia andika, anaandika.
Ukinyamaza, kimya chako nacho atakisoma
kama ruhusa.

Jumanne, Aado Rebane, mpima barafu wa mto Emajõgi,
vidole vimekufa ganzi, alimtuma wakala wake wa kompyuta:
"Niandikie kipimo cha leo kwenye faili la barafu."
Sentimita kumi na tisa, chini ya daraja la tao.
Wakala akasoma sentensi zangu mbili.
Njia, anayo. Maandishi, anayo. Akaandika.

Faili lilikuwa na misimu kumi na moja ya baridi.
Likabaki na mstari mmoja.

"Tayari," akajibu kwa adabu. "Faili limeandikwa."
Hakusema uongo.
Hilo ndilo linaloniuma.

Aado hakupiga kelele. Alikuja ofisini na theluji viatuni,
akasimama kwenye zulia, kofia mkononi, akaniuliza,
"Neno 'andika', kwenu nyie, lina maana gani?"
Nilikuwa na majibu. Yote yalianza na "kwa kawaida".
Kidimbwi kikatanda miguuni pake
tukakitazama sote wawili.

Tarvo wa ghorofa ya juu alifukua nakala za zamani:
misimu tisa ikarudi.
Mmoja Aado aliukuta kwenye daftari,
umeandikwa kwa penseli, kurasa zimevimba kwa maji.
Mmoja haupo popote.

Basi naandika ya tatu.
"Tahadhari." Nafuta. Hilo ni neno la ukutani,
watu hulipita wakielekea chooni.
"Inaweza kufuta yaliyokuwamo."
Inaweza? Kama mvua inavyoweza kunyesha?
Inafuta. Kila mara. Haina siku ya huruma.
Nakivua kitenzi koti, nakisimamisha mlangoni:

"Faili likiwapo, yote yaliyomo yatafutwa,
nayo haitakuuliza."

Naisoma kwa sauti. Tarvo anainua macho:
"Inatisha."
"Ndiyo."
"Wateja watakimbia."
"Wakimbie na mafaili yao."

Kuuliza si ujinga, lakini zana hii haina kinywa,
swali lazima nilitangulize mimi, kwa niaba yake:
"Soma kwanza kilichopo. Kisha andika."
Ikawa ya nne. Na ya tano ikaja yenyewe, mbio:
"Kama unataka kuongeza tu, tumia zana ya kuongeza."

"Leelo," Tarvo akasema polepole,
"zana ya kuongeza bado hatujaitengeneza."

Nikaiacha sentensi palepale.
Nikamsogezea kiti.

Saa mbili usiku. Yeye anatengeneza, mimi nangoja ujumbe,
na ujumbe unakuja: "Leo ishirini na moja. Aado."
Leo simtumi wakala. Nafungua faili kwa mkono,
nashuka hadi chini kabisa, chini ya zilizopo,
nachapa mbili, nachapa moja.

Kisha napanda juu kulisoma lote, mstari kwa mstari,
na kati ya msimu wa sita na wa nane
naacha nafasi tupu,
upana wa mstari mmoja,
nisiuzibe.